Mapatano ya kodi ya Desemba 2010: Obama alipoteza au alipata?

Mwanabaraza wa Tudor aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Katika baraza letu hapa Tudor tumepanga mjadala wa Ijumaa baada ya Isha kuhusu rais anayepatana na wapinzani wake juu ya kodi huku chama chake mwenyewe kikigawanyika, nami nimetwishwa upande wa kusema kwamba mapatano ya namna hiyo humdhoofisha rais. Mfano niliouchagua ni wa Barack Obama. Katika kampeni zake aliahidi kwamba mapunguzo ya kodi yaliyopitishwa wakati wa George W. Bush, mwaka 2001 na 2003, hayataendelea kwa familia zenye mapato yanayozidi dola 250,000 kwa mwaka. Tarehe 6 Desemba 2010 akatangaza kwamba amekubaliana na viongozi wa chama pinzani cha Republican kuyaongezea miaka 2 kwa watu wote, matajiri wakiwemo. Siku tatu baadaye wabunge wa chama chake cha Democratic katika Baraza la Wawakilishi walipiga kura faraghani kwamba mpango ule usiletwe mbele ya Baraza kama ulivyo, na tarehe 10 Seneta Bernie Sanders, ambaye hushirikiana na chama hicho bila kuwa mwanachama, akasimama kuupinga kwa zaidi ya saa 8.

Kinachonitatiza ni kwamba mtu huyo huyo alishinda tena mwaka 2012, kwa kura 332 dhidi ya 206 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. Je, hasira ile ilimpunguzia nguvu kweli, au ilikuwa kelele za mlango tu?

Maalim wa Makadara alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu Mwanabaraza. Ukitaka kupima hadhi ya rais yule, anza na kura alizokuwa nazo mkononi, kisha ndipo uje kwenye hasira za watu wake. Katika uchaguzi wa tarehe 2 Novemba chama chake kilikuwa kimepoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi, na Bunge jipya lenye Warepublikani wengi lingeketi Januari. Katika Seneti, maseneta wote 42 wa Republican walikuwa wametia sahihi barua ya kuahidi kuzuia miswada mingine yote mpaka suala la kodi na la fedha za kuendesha serikali yamalizike. Wademokrati hawakukosa kujaribu, kwani tarehe 4 Desemba waliipigia kura hoja ya kuendeleza punguzo kwa watu wa kipato cha kati peke yao, wakapata kura 53 kwa 36. Kwa kawaida mtu angedhani wameshinda, lakini katika Seneti kufunga mjadala ili mswada uamuliwe huhitaji kura 60.

Mapunguzo yote yalikuwa yanakwisha tarehe 31 Desemba. Iwapo pasingepatikana makubaliano, kodi ingepanda kwa kila mfanyakazi kuanzia Januari, huku asilimia 9.8 ya nguvukazi ikiwa haina kazi. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na Obama aliieleza hali hiyo kwa ukali katika kikao chake na wanahabari tarehe 7, aliposema kwamba hupendi kujadiliana na waliomshika mateka isipokuwa pale mateka atakapodhurika, na kwamba mateka mwenyewe ni wananchi.

Sasa tazama alichopata, kwa sababu wengi husimulia alichotoa tu. Malipo ya wasio na ajira yaliongezwa kwa miezi 13. Makato ya mshahara ya hifadhi ya jamii yalishushwa kutoka asilimia 6.2 hadi 4.2 kwa mwaka 2011, maana yake mfanyakazi wa dola 50,000 kwa mwaka alibaki na dola 1,000 zaidi mfukoni. Nafuu za kodi kwa wenye watoto na kwa wanafunzi wa vyuo ziliendelea. Upande wa pili ulipata punguzo la matajiri, na pia kodi ya mirathi iliyolegezwa hadi asilimia 35, tena baada ya kuachiwa dola milioni 5 za kwanza bila kutozwa chochote, jambo ambalo liliwaudhi Wademokrati pengine kuliko yote. Gharama ya kifurushi kizima ilikadiriwa kuwa dola bilioni 858.

Mswada ulipita Seneti kwa 81 dhidi ya 19, na Baraza la Wawakilishi kwa 277 dhidi ya 148. Katika Baraza, Wademokrati 139 waliunga mkono na 112 wakakataa. Huo ni mgawanyiko mkubwa, sikatai, lakini rais alibaki na zaidi ya nusu ya watu wake.

Binti Kisauni alijibu:

Maalim, nakuheshimu, ila hesabu yako inaanzia mwezi wa Desemba, na kosa lilikuwa limeshatendeka kabla. Mwezi wa Septemba, Wademokrati wakiwa bado na wingi mkubwa katika mabaraza yote mawili, viongozi wao wa Seneti waliamua kuiahirisha kura ya kodi mpaka uchaguzi upite, kwa kuwa baadhi ya wagombea wao waliogopa kuitwa wapandishaji wa kodi. Rais hakuwalazimisha. Kwa hivyo wanachama wa kawaida waliokasirika hawakukasirishwa na mapatano peke yake. Walikasirika kwa sababu vita viliachwa bila kupiganwa wakati silaha zikiwapo.

Halafu namna alivyozungumza nao. Katika kikao kile kile cha tarehe 7 aliwaambia wakosoaji wa mrengo wa kushoto, kwa maana, kwamba wakishikilia usafi wa msimamo watabaki kujiona wema ilhali hakuna mwananchi aliyesaidika. Huenda alisema kweli, lakini mtu aliyekuzungushia nyumba kwa nyumba kuomba kura humwambii hivyo hadharani. Siku tatu baadaye akamleta rais wa zamani Bill Clinton mbele ya wanahabari kuyatetea mapatano, kisha yeye mwenyewe akaondoka na kumwachia jukwaa. Na siku ya kutia sahihi, tarehe 17, aliyehudhuria ni Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikani katika Seneti. Nancy Pelosi na Harry Reid, viongozi wa chama chake, hawakuonekana.

Dosari kubwa zaidi ni ile iliyoachwa nje ya mapatano, yaani kikomo cha deni la serikali, kile kiwango cha mwisho cha kukopa ambacho Bunge huiwekea serikali. Katika kikao cha tarehe 7 mwandishi mmoja alimuuliza kwa nini hakulimaliza suala hilo wakati bado ana la kubadilishana, naye akajibu kwamba anaamini wapinzani wataongoza kwa kuwajibika. Mwaka 2011 wapinzani hao walilitumia deni lile kumbana mpaka Agosti, nchi ikafika ukingoni mwa kushindwa kulipa, na tarehe 5 Agosti kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani daraja la kukopesheka kwa mara ya kwanza. Waliojifunza Desemba kwamba rais huyu akibanwa hukubali yaishe, walimbana tena. Ndugu Mwanabaraza, hoja yako iko hapo.

Msomaji wa Mwembe Tayari alijibu:

Mimi ningetumia mfano wa George H. W. Bush wa Republican, babake yule George W. Bush. Mwaka 1988 aliahidi kutoweka kodi mpya. Mwaka 1990 akapatana na Wademokrati kupandisha kodi ili kupunguza nakisi ya bajeti. Newt Gingrich, mmoja wa viongozi wa Warepublikani katika Baraza la Wawakilishi, akaongoza uasi ndani ya chama, na tarehe 5 Oktoba mpango wa kwanza ukaangushwa bungeni. Tofauti na ya Obama ni kwamba Bush alipata mshindani wa ndani: Pat Buchanan alichukua asilimia 37 ya kura za mchujo wa New Hampshire mwaka 1992, na Novemba Bush akashindwa. Obama hakupata mpinzani wa maana katika mchujo wake. Chama kikinung'unika bila kuwa na mtu wa kumsimamisha mahali pa rais, rais huvuka.

Kwetu Kenya kulinganisha ni kugumu. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipita Bunge la Taifa tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Sisi wabunge wengi walitii na barabara zikakataa, Mombasa ikiwemo. Kule upinzani ulitoka kwa wabunge wenyewe.

Mwanabaraza wa Tudor alijibu:

Nawashukuru nyote. Dada Binti Kisauni, hoja ya deni nitaichukua. Ila Maalim, nikiulizwa ile miaka 2 ilipokwisha ilikuwaje, niseme nini?

Maalim wa Makadara alijibu:

Binti Kisauni amenibana kuhusu Septemba na sina jibu la kumshinda. Kuhusu deni naona mengi yalitokana na mabadiliko ya Bunge lenyewe, ambalo lingembana kwa vyovyote.

Ama swali lako, miaka ile 2 iliisha Desemba 2012, baada ya uchaguzi ambao Obama alikwisha kushinda, na safari hii saa ilikuwa ikiwahimiza wapinzani. Kiwango cha juu kikarudi asilimia 39.6 kwa mapato yanayozidi dola 400,000 kwa mtu mmoja na 450,000 kwa wanandoa, wala si 250,000 alizoahidi, na sehemu kubwa ya mapunguzo ya Bush ikafanywa ya kudumu, kwa hiyo wakosoaji wake wana la kusema. Kodi ya mirathi ilipanda hadi asilimia 40, lakini zile dola milioni 5 za kwanza ziliendelea kuachwa. Kura ya Baraza la Wawakilishi ya tarehe 1 Januari 2013 ilikuwa 257 dhidi ya 167. Wademokrati 172 waliunga mkono na 16 tu wakakataa, na kwa Warepublikani waliokubali walikuwa 85, waliokataa 151.