Kuh: DS-11 imerudishwa, jina la mama halifanani na cheti changu

Kutoka: Binti wa Ngamiani (Ohio)

Shikamooni wakubwa. Anwani hii ni ya mama, lakini anayeandika ni mimi bintiye, miaka 17, kwa ruhusa yake.

Jumatatu tulikwenda kwenye ofisi inayopokea fomu za pasipoti kupeleka DS-11. Mama alikula kiapo cha uraia wa Marekani mwaka jana, nina grini kadi na naishi naye, kwa hiyo tuliambiwa uraia nimeshaupata kupitia kwake. Nikabeba cheti changu cha kuzaliwa cha RITA, cheti chake cha uraia na kadi yangu. Karani akaviweka vyeti viwili pamoja, akasema mama aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa siye huyu mwenye cheti cha uraia. Akaturudishia vyote.

Chanzo ni majina yetu. Mimi naitwa jina langu, la baba, la babu. La mwisho ni Bakari, babu mzaa baba, mvuvi wa Pangani aliyefariki kabla sijazaliwa. Mama alikuja huku na jina lake na la baba yake wa Muheza. Tangu tufike, shuleni, hospitali, uwanja wa ndege, anaulizwa kama mimi ni mwanawe kweli. Baba alishafariki tukiwa Tanga, kwa hiyo maswali yote ni ya mama peke yake kuyajibu. Ndiyo maana alipojaza N-400, fomu ya kuomba uraia, aliomba kubadili jina la mwisho awe Bakari, tufanane. Bibi wa Muheza alipopewa habari hakugomba. Alinyamaza kwenye simu, akauliza mvua huko vipi. Jambo hilo bado linamuuma mama.

Swali la kwanza: tupeleke karatasi gani?

La pili ni langu mwenyewe. Naandika insha ya kuombea chuo, mwisho maneno 650, nieleze mimi ni nani. Kwa baba ni Mdigo, kwa mama Mbondei. Napiga fidla kwenye okestra ya shule, na usiku najifundisha taarabu kwa sikio, kwa sababu noti zake sizipati popote. Mwalimu anasema nichague kitu kimoja, na sijaweza. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 alikwenda na jina la baba yake, na ndilo tunalomjua nalo mpaka leo. Mimi jina la babu wa Muheza limetoka kwa mama na kwangu halikuwahi kuwapo. Babu huyo ndiye aliyenilea mpaka tulipoondoka. Nataka kwenda mahakamani niliongeze kwenye jina langu. Nikifanya hivyo sasa, nitaharibu pasipoti na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo?

Kutoka: Mama Aisha (Minnesota)

Marahaba mwanangu. Usihangaike na DS-11, ngoja utimize 18 ujaze N-400 yako mwenyewe. Mwanangu mkubwa alifanya hivyo. Nilipokula kiapo yeye alikuwa na 19, akaambiwa hanihusu tena, akajaza yake, akafanya mtihani, akapita. Picha zake za kiapo ninazo ukutani.

Na hiyo fidla umenigusa. Mimi mtoto wa Tanga, barabara ya ishirini. Nyumbani kwetu taarabu za Black Star na Lucky Star zilikuwa zinapigwa mpaka jirani anatuma mtoto kuuliza tumelala au vipi. Shakila akiimba mama yangu alikuwa anaacha kazi anakaa.

Kutoka: Ami wa Kibokoni (Texas)

Mama Aisha, kwa heshima zote, usimpoteze mtoto. N-400 ni ya asiyekuwa raia. Huyu ni raia tangu siku mamake alipokula kiapo, kwa sheria ya watoto ya mwaka 2000. Wako alikuwa ameshapita 18, kesi mbili tofauti. Cha kufanya ni N-600, fomu ya kuomba cheti cha uraia, na aipeleke kabla hajatimiza 18, la sivyo amekosa.

Kutoka: Kaka wa Temeke (Maryland)

Ami, nusu umesema sawa. N-600 haina mwisho wa umri. Lililotakiwa kutokea kabla ya 18 ni uraia wenyewe, nao umeshatokea. Hata akiwa na miaka 40 anaweza kuiomba. Na ada yake tangu Aprili 2024 ni zaidi ya dola 1,300, kwa hiyo msimtume huko kabla hajajaribu pasipoti tena.

Dada, mwambie mama atafute bahasha aliyotoka nayo kwenye kiapo. Anayebadili jina kupitia N-400 huapa mahakamani, na mahakama humpa karatasi yenye jina la zamani na jipya. Hiyo ndiyo inayounganisha vyeti vyako viwili. Peleka halisi, usipeleke fotokopi tupu. Halafu nenda ofisi ya Social Security na fomu ya SS-5, ni bure, wabadili hali yako ya uraia. FAFSA inalinganisha na kumbukumbu zao, na wao hawajui kama umekuwa raia mpaka uwaambie. Mdogo wangu alichelewa kufanya hivyo, maombi yake ya msaada yakasimama wakati wenzake wameshapangiwa vyumba.

Lingine, uliangalie mapema. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mama alishatoka kwenye uraia wa Tanzania alipoapa. Wewe ukifika 18 unatakiwa uchague. Mtoto analazimishwa kukana upande mmoja wa nafsi yake kwa sababu ya birthday! Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliweka hadhi maalumu kwa watu kama mama yako, na kura ya maoni mpaka leo haijapigwa.

Kutoka: Ami wa Kibokoni (Texas)

Nimekubali hilo la umri. Lakini nyinyi watu wa bara mnavumilia mno. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 16, mzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Wanangu wana pasipoti zote mbili. Tulipiga kelele miaka na miaka mpaka ikaandikwa.

Kutoka: Kaka wa Temeke (Maryland)

Binti ni wa Tanga na mwenyeji wa Pangani, wewe unamwita wa bara? Na kelele tumepiga, Ami. Tumeandika barua, tumekwenda mikutano na mawaziri wanapokuja huku kutuomba tuwekeze. Miaka yote hiyo ardhi ulikuwa huruhusiwi kumiliki kama mgeni isipokuwa kwa uwekezaji, halafu unaambiwa njoo uwekeze nyumbani.

Kutoka: Binti wa Ngamiani (Ohio)

Asanteni sana. Bahasha tumeipata, karatasi ya mahakama imo, ina muhuri. Tunarudi ofisini wiki ijayo. Mama anawasalimu na anamuuliza Mama Aisha ni barabara ya ishirini upande gani.

La kukana uraia sikulijua. Babu ana shamba la machungwa Muheza, na amekuwa akisema kipande cha chini ni changu. Sasa nataka jina lake zaidi ya mwanzo. Naomba bado mnisaidie: niliongeze kabla ya pasipoti au baada?

Kutoka: Mama Aisha (Minnesota)

Upande wa sokoni, mwambie! Alisoma wapi? Ndugu zangu wengi wako Muheza mpaka leo, na msimu wa machungwa ukifika tulikuwa tunaletewa magunia kwa treni. Nipigie simu, mwache binti asome.

Kutoka: Ami wa Kibokoni (Texas)

Kaka, hilo la ardhi lieleze vizuri. Mke wangu ni wa Korogwe, ameapa huku, na kiwanja alirithi kabla ya kuapa. Kinanyang'anywa au vipi?