Goti la mama limesagika, je, glukosamini inasaidia kweli?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 64, tunakaa Tabata. Goti la kulia linamsumbua mwaka wa tatu sasa. Akiinuka kwenye mswala lazima ashike ukuta kwanza, na goti linalia kama mtu anayetafuna karanga. Eksirei ilionyesha gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa, imelika, tukaambiwa ni osteoathraitisi.

Alianzishiwa vidonge vya diklofenaki, lakini ana presha, na dawa hizo zinaweza kuipandisha, achilia mbali tumbo na figo. Daktari akambadilishia, sasa anapaka ya jeli. Pia kuna mazoezi: anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu, anahesabu hadi kumi, anashusha. Akikomaa nayo wiki kadhaa nafuu naiona kabisa. Shida yake, goti likitulia tu anaacha.

Sasa jirani kamshawishi anunue vidonge vya glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo. Kopo moja ni hela ya gesi na umeme! Nimesoma utafiti wa Marekani wa 2006, wagonjwa 1,583: kwa jumla vidonge hivyo havikuvishinda vile visivyo na dawa. Mama hasikii. Jirani anapanda mwendokasi bila mkongojo, basi.

Mliovitumia, mliona tofauti? Sindano ya steroidi gotini iliwapa nafuu ya muda gani? Na aliyebadilishiwa goti pale MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili), gharama na bima zilikwendaje? Uzito tumeanza kupunguza, ila chapati bado zinatushinda.