Mamajusi Wamelala Korogwe

Kikundi: UKOO WA BIBI TEKLA 🎄

*12 Desemba*

Agnes: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Naanza mapema kabla hatujaanza kutafutana tarehe 23. Krismasi ni hapa kwa Bibi, Bagamoyo, hilo halina mjadala. Watoto waliothibitishwa ni kumi na mmoja. Mchango elfu 40 kila nyumba, na unatumwa kwangu, si kwa Deo.

Deo: Sasa mimi nimefanya nini tena

Agnes: Mwaka jana mchele ulitoka Dar kilo 20 ukafika hapa kilo 12.

Deo: Ulisinyaa njiani, jua kali 😂

Mama Brayani: Shikamoo shangazi. Wifi Agnes habari za huko. Sisi tunakuja, ingawa mama yangu huku Moshi kaninunia. Anasema Mchaga kushuka pwani Desemba wakati wenzake wote wanapanda, ndiyo kaona kwangu.

Bi Zainabu: Marahaba mama. Mwambie mwakani zamu yake. Sasa Agnes, la mbuzi niliseme leo lisije likaniponyoka. Achinje baba Shadya. Mkichinja wenyewe sisi tutakaa kutazama sahani.

Agnes: Hilo limeshapita shangazi. Baba Shadya anakuja asubuhi na kisu chake.

Deo: Na kitimoto je?

Agnes: Deo, humu wamo wakwe.

*Ujumbe huu umefutwa*

Bi Zainabu: Umechelewa baba, nimeshausoma.

*14 Desemba*

Deo: [Picha] Mambo hayo! Suti ya Baba Krismasi, kofia, mkanda, ndevu zote. Nimeipata Kariakoo. Usiku wa mkesha naingia na gunia mgongoni, kila mtoto anaitwa kwa jina. Watoto wanayaona haya kwenye katuni, wetu nao wasijione wanyonge.

Agnes: Imma alipomwona yule wa dukani mwaka jana alilia mpaka akajikojolea. Na ni wewe ulikuwa umembeba.

Deo: Shati lilifuliwa likatakata.

Bi Zainabu: Na joto hili la Bagamoyo utavaa blanketi hilo?

Titus: Wapendwa, naomba niseme kidogo. Huyo mzee mnayemvalia suti ni mtu kweli. Ni Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Uturuki, karne ya nne. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, kwa hiyo Deo umeshachelewa siku nane. Theluji na zile paa wanaovuta gari alivikwa baadaye sana. Kama tunataka kuwafundisha watoto kitu, tuwajengee pango. Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyelianzisha, mwaka 1223, kijiji cha Greccio huko Italia, akaweka ng'ombe hai na punda hai na majani makavu, watu wasiojua kusoma wakaona kwa macho yao jinsi alivyozaliwa.

Deo: Mjomba wa watu, ukatekista uliuacha lini?

Titus: Hauachwi huo.

Neema (kwa Bibi): Shikamooni nyote. Bibi kasikiliza yote nikimsomea. Anasema niandike kama alivyosema, nisipunguze. "Mwanamume mzima, kafunika uso kwa ndevu za pamba, anaingia usiku na gunia kwenye nyumba iliyojaa watoto. Mtaani kwetu hapa hapa Dunda? Vijana watajua kuwa ni Deo wakishamaliza kumpiga."

Bi Zainabu: 😂😂😂 Wifi yangu!

Mama Brayani: Nimecheka mpaka Brayani kaja kuuliza kuna nini

Deo: Suti hairudishwi dukani lakini, jamani

Neema (kwa Bibi): Bibi anasema ilete. Atajua la kuifanya.

*17 Desemba*

Neema (kwa Bibi): [Picha] [Picha] [Picha] Pango limeanza. Jana kaskazi ilivuma, tukaenda ufukweni asubuhi mimi, Imma na Shadya, tukaokota tawi kubwa la mvinje lililovunjika lenyewe. Hatujakata mti. Tumelisimamisha kwenye ndoo ya rangi iliyojaa mchanga. Shida yake linapukutika, Bibi anafagia mara tatu kwa siku na kila mara anasema mwakani hataki.

Paa la pango ni kipande cha kuti kuukuu. Ng'ombe kafinyangwa na Shadya, punda kafinyangwa na Imma. Punda alipasuka mgongo alipokuwa anakauka juani, tumemfunga uzi. Kondoo wamepatikana saba, wote wametoka kwenye ndevu za mjomba Deo.

Deo: ZILE NDEVU???

Neema (kwa Bibi): Bibi ndiye aliyekata. Mimi nilishika mkasi tu mwanzoni.

Titus: Hapo sasa. Na mamajusi?

Neema (kwa Bibi): Mamajusi ni zile chupa tatu ndogo za dawa ya kikohozi, tumezivisha vipande vya kanga chakavu ya Bibi. Huyo wa katikati mgongoni pameangukia neno WIVU, tumemgeuzia ukutani.

Agnes: Na Mtoto yuko wapi, mbona simwoni?

Neema (kwa Bibi): Kafungwa kwenye leso ya Bibi, yupo kabatini. Hatoki mpaka usiku wa mkesha. Imma kila akiamka anakwenda kugonga kabati. "Bado?" Tunamwambia bado. Leo kaweka sikio mlangoni.

Bi Zainabu: Pango zuri, Mungu awabariki. Ila mimi nina swali. Mbona hamkuweka mtende?

Titus: Mtende shangazi?

Bi Zainabu: Ndiyo, mtende. Kwetu katika Surat Maryam uchungu ulipomshika alikwenda kwenye shina la mtende, akawa anasema laiti ningekufa kabla ya haya. Akaambiwa asihuzunike, autikise mtende zitamwangukia tende mbivu, ale, anywe, atulie. Mwanamke anajifungua na nyie mmempa ng'ombe na kondoo, chakula hakuna.

Mama Brayani: Shangazi umesema kweli, mzazi hana hata uji

Titus: Injili ya Luka inataja hori tu... lakini siwezi kubishana na mtu aliyezaa watoto saba.

Bi Zainabu: Kesho Shadya atakuja na tende na kuti changa la mtende.

*18 Desemba*

Agnes: Taarifa: tende zililetwa saa nne asubuhi zikapangwa mbele ya Mama Maria kwenye kisahani. Saa sita zimebaki kokwa. Imma anasema wamekula kondoo.

*20 Desemba*

Mama Brayani: Naomba vipimo vya watoto wa huko, nimepata kitenge kizuri, fundi wangu anashona leo kesho. Wavulana mashati, wasichana magauni. Msinipimie kwa macho, pimeni kuanzia begani. Na Brayani anauliza, tutalala karibu na ule mnara alimolazwa Mzungu aliyekufa?

Deo: Ndiyo, na usiku anakohoa

Agnes: DEO.

Titus: Brayani mwanangu, huyo Deo hajakua. Mnara upo kule misheni, nyumba ya Bibi ipo mbali. Livingstone alifia mbali bara mwaka 1873, wenzake Waafrika, akina Susi na Chuma, wakamleta kwa miguu mpaka Bagamoyo, Februari 1874, akalazwa pale misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Hakohoi.

Mama Brayani: Kasikia. Sasa anauliza walitembea siku ngapi na walikula nini. Titus hilo ni lako.

Neema (kwa Bibi): Bibi anasema watoto wasitishwe na minara. Anasema wao walipokuwa wadogo hata kalenda hawakuwa nayo. Ule mti wa mkrismasi wa njiani ukianza kuwaka maua mekundu, ndio wanaanza kumsumbua mama yao nguo mpya. Na umeshawaka, nimeuona leo.

*22 Desemba*

Titus: Ndugu zangu, mambo yameharibika kidogo. Tiketi za leo na kesho zimeisha. Tuliahidiwa kwa simu kuwa tumewekewa nafasi nne, tumefika stendi jina letu halipo kwenye daftari. Tumepata za tarehe 24 alfajiri.

Agnes: Kaka, tarehe 24 yenyewe!

Titus: Ndiyo hali. Msifikirie kutupokea Dar, tutashukia Msata tukate huku huku.

Deo: Hapo sawa. Kutoka Msata hadi Makofia ni kilomita 64 tu. Mkipita Kiwangwa chukueni mananasi, huu ndio msimu wake.

Neema (kwa Bibi): Mjomba, hapa kuna tatizo lingine. Imma aliuliza mamajusi wanatoka wapi, nikamwambia mashariki, mbali. Akasema mbali ni Moshi. Basi tukaandika vikaratasi. Dirishani ni Moshi, redio ni Same, kabati la vyombo Korogwe, kiti cha Bibi Segera, kizingiti cha mlango Msata. Kila siku anawasogeza kidogo ili wafike na nyinyi. Leo wameshafika Korogwe.

Mama Brayani: Jamani Imma 🥹

Titus: Kwanza Moshi si mashariki ya Bagamoyo. Pili mamajusi hufika Epifania, tarehe 6 Januari.

Agnes: Kaka likizo yako inaisha lini?

Titus: Tarehe 2.

Agnes: Basi na mamajusi wana kazi tarehe 2.

Neema (kwa Bibi): Nimemwambia mjomba hajapata tiketi. Kafikiri, kasema walale Korogwe wawasubiri. Kawafunika na kitambaa cha meza.

*24 Desemba*

Titus: Tumeondoka salama. Basi limejaa, kuna mtu kapakia jogoo watatu juu ya mabegi yetu.

Agnes: Mungu awatangulie. Hapa nazi zinakunwa. Bibi kasema pilau ni ya mbuzi na wali wa nazi ni wa kuku, asiguse mtu.

Mama Brayani: Na ndizi zangu? Nimebeba mkungu mzima

Agnes: Ndizi zina sufuria yake wifi, usijali.

Deo: Mimi nipo Mapinga, nakuja na soda na taa za betri. Zile za waya za mwaka jana zilitoa cheche, sitaki tena kesi.

Titus: Pancha. Tupo karibu na Mombo. Tunasubiri.

Neema (kwa Bibi): Mamajusi bado wamelala Korogwe.

Titus: Bado tunasubiri. Jogoo mmoja kakimbia, abiria wote tunamfukuza.

Mama Brayani: Brayani kamkamata!! Kapewa elfu mbili

Titus: Tumepita Korogwe.

Neema (kwa Bibi): Kitambaa kimetolewa. Wameamka. Wapo kwenye kiti cha Bibi, yaani Segera, Bibi hana pa kukaa.

Bi Zainabu: Hahaha. Mimi nimefika nina tende nyingine, safari hii zipo mfukoni mwangu.

Agnes: Titus, saa kumi na mbili inagonga. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanatakiwa kanisani mapema, wana igizo. Imma ni mchungaji namba tatu. Nywele zake kazipaka mafuta mpaka yanatiririka shingoni.

Titus: Tumeshuka Msata. Wote wazima. Begi la nguo za watoto halionekani.

Agnes: Yesu wangu. Za kitenge?

Mama Brayani: Limeonekana! Lilikuwa chini ya jogoo. Magauni mawili yataoshwa kidogo

Neema (kwa Bibi): Mamajusi wapo kizingitini.

Titus: Tumepata gari dogo. Kiwangwa. Mananasi manane.

Deo: Mmepunjwa, lakini njooni tu.

Agnes: Tunatangulia kanisani na hao wadogo. Bibi kagoma kuondoka, anawasubiri hapo hapo. Neema baki naye, na Imma namrudia dakika za mwisho, kagoma pia. Kakaa mbele ya kabati na vazi lake la mchungaji.

Titus: Makofia.

Neema (kwa Bibi): Imma kafungua kabati. Leso kaishika mkononi. Anauliza amtoe sasa au mpaka muingie?

Mama Brayani: Atusubiri! Tunaona taa za nyumba

Neema (kwa Bibi): Bibi anasema mjomba Titus avue viatu nje na aingie polepole. Mamajusi wapo hapo chini mlangoni, atawakanyaga.