Lesi, zipu na plastiki katika kazi moja ya kikundi: tuviunganishe vipi?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu cha watu kumi na wawili kinatengeneza pambo moja kubwa la kutundika ukutani, na kila mmoja ameandaa kipande chake kwa mabaki anayoyapenda. Wapo walioshonea lesi na riboni juu ya pamba, yupo aliyepanga zipu kuukuu zikafanana na mifupa ya samaki, yupo aliyesuka tyubu za baiskeli, nami nimefuma mifuko ya plastiki niliyoichana ikawa kama kamba nyembamba. Mezani vilipendeza mno. Tulipovishona pamoja na kuvitundika, siku mbili hazikupita kabla zipu hazijaivuta lesi iliyo jirani yake hadi matundu yake yakarefuka na uzi ukakatika, na plastiki yangu ilijikunja pembeni mwenzetu alipopitisha pasi karibu nayo. Sasa wengine wanapendekeza sote turudi kwenye pamba tupu, na mimi naona tukifanya hivyo tutakuwa tumeiua kazi yenyewe. Je, ipo njia ya kumwachia kila mtu ajaribu anachotaka, na kazi bado ikashikamana?

Jibu la 1

Ndugu, msiviguse vipande; tengenezeni upya mahali vinapokutana. Lesi haikuumbwa kubeba mzigo, kwa hiyo kila kipande kishonewe kwanza juu ya kitambaa kigumu, hata jinzi kuukuu, chenye vipimo vilivyo sawa kwa wote na pindo pana kiasi cha vidole viwili ambalo halipambwi kwa chochote. Mtaunganisha pindo kwa pindo, na mvuto wote utapita kwenye jinzi. Kumbukeni lile blanketi la vipande lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1987 kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI: kila kipande kilikuwa na futi 3 kwa 6, na ndani ya kipimo hicho watu walishonea ngozi, picha, vifungo, nguo za marehemu na hata midoli. Lilipotandazwa Washington Oktoba mwaka huohuo lilikuwa na vipande 1,920. Kilichowawezesha watu wasiofahamiana kushona kitu kimoja ni kukubaliana kipimo, na kila mtu akabaki huru katika yaliyomo.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu lesi, ila nahofia kwamba mkivitia vipande vyote katika miraba inayolingana, tyubu na zipu zitapoteza mwendo wake, na mwendo ndio uzuri wake. Mtazameni El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana na kufanyia kazi zake Nsukka, Nigeria: yeye na wasaidizi wake hupiga na kukunja maelfu ya vizibo vya alumini vya chupa, kisha huviunga kwa waya wa shaba. Chuma hicho huning'inia na kukunjamana kama kitambaa kwa sababu kila kiungo kina nafasi ya kucheza. Nanyi vipande vizito viungeni kwa vitanzi vya waya au pete ndogo, vingi na vya karibukaribu, ili uzito ugawanyike badala ya kuning'inia kwenye mishono miwili mitatu. Halafu zipu zishuke safu ya chini kabisa. Zikiwa huko zitainyoosha kazi nzima badala ya kumburuta jirani.

Jibu la 3

Mimi nizungumzie majaribio, kwani naona mliunganisha kabla ya kujaribu. Chukueni uzi mmoja wa kila kitambaa, mshike kwa koleo juu ya sahani ya udongo, muuwashe. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini; sufu hunuka kama nywele; poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Mtajua papo hapo kipi kisikaribie pasi. Mifuko ya plastiki hulegea kwenye nyuzi joto mia moja na ushei, ilhali pasi ya pamba hufika karibu 200, hivyo kazi yote ya pasi imalizike kabla ya kuunganisha. Pamba ifuliwe mapema isije ikajikunja baadaye. Tyubu nazo zina salfa ambayo hutia weusi shaba na fedha, kwa hiyo zikiungwa kwa waya wa shaba kama alivyoshauri mwenzangu, zitauchafua. Tumieni kamba ya nailoni hapo.

Tena, kila mmoja ajiulize malighafi yake inafanya kazi gani. Anni Albers, mfumaji wa Bauhaus, iliyokuwa shule ya sanaa na ubunifu huko Ujerumani, alifuma kitambaa cha ukuta wa ukumbi kwa pamba na selofani, utando mwembamba unaong'aa: upande mmoja ulimeza sauti, mwingine ukarudisha mwanga. Plastiki yako, ndugu mwulizaji, inang'aa. Je, mmeitundika mahali mwanga unapoifikia?

Mwuliza swali

Nawashukuru kwa dhati. Jana usiku nimeifumua lesi mshono kwa mshono, na nyuma yake nimekwisha kuweka jinzi. Zipu zimehamia chini. Kuhusu mwanga, kipande changu kilikuwa kwenye kona yenye kivuli. Leo tulikishika mbele ya dirisha, na rangi za mifuko zikaanguka juu ya pamba ya jirani. Mwenye pamba hiyo ameomba tuviache viwili hivyo pamoja, naye ataondoa riboni zake ili rangi zipate pa kutua.