MREJESHO: Vyungu kupasuka motoni na mabakuli ya mninga kuchanika

Wakuu, salaam. Niliwauliza kuhusu karakana yetu ya familia huku Matema, Kyela. Mama, ambaye ni Mkisi (kabila la wafinyanzi wa Ziwa Nyasa), anafinyanga pamoja na dada zangu, mimi na kaka tunachonga. Vyungu vilikuwa vikipasuka motoni na mabakuli ya mninga yakichanika kabla hayajauzwa.

Ushauri wa vigae ndio uliotuokoa. Tunatwanga vyungu vilivyovunjika, tunachekecha, unga wake tunauchanganya na udongo mbichi. Unyevu unapata njia ya kutoka. Vyungu vinakaa kivulini mpaka vikauke kabisa, na siku ya kuchoma tunavizungushia moto mdogo kwanza, maana maji yaliyobaki ndani yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Wakati wa mvua, na Kyela mvua haina huruma, tunavimalizia darini juu ya jiko. Mama alikuwa mgumu kukubali vigae. Sasa anawakataza watoto kutupa hata kipande.

Kwenye mbao, tunapaka nta ncha za magogo, kwa sababu huko ndiko maji hukimbilia. Bakuli tunalichonga nene, tunalifukia kwenye maranda yake likauke polepole, likishatulia tunalimalizia. Nyufa zimepungua sana, hazijaisha.

Kilichobaki ni usafiri wa kwenda Mbeya mjini. Majani makavu ya mgomba yanalinda vyungu kuliko magazeti, ila mitungi mikubwa bado inavunjika. Aliyewahi kuisafirisha kwa basi anieleze anavyoifunga. Asanteni sana, kwa dhati.