Sarafu ya Kirumi kwenye mkufu wa dhahabu: tuivae au tuiache?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili. Masonara wa Ulaya wanachukua sarafu halisi za Roma ya kale, wanazizungushia dhahabu na kuziuza kama vidani na pete. Kampuni ya vito ya Bulgari ya Italia imekuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1960, na siku hizi hata maduka madogo ya mtandaoni yamo. Wapo wanaosema ni uharibifu, upigwe marufuku. Wapo wanaosema sarafu zenyewe ni tele, kelele za nini?

Mimi marufuku siitaki. Warumi wenyewe walizivaa. Sarafu kubwa za dhahabu za Kaisari Konstantino zilizopigwa chapa Sirmium (mji uliokuwa Serbia ya leo) mwaka 321, baadhi yake zilifungwa kwenye fremu za dhahabu zilizotobolewa kwa ustadi mpaka zikafanana na lesi. Ziko makumbusho ya Louvre na British Museum hadi leo.

Tazameni pia sarafu ya dhahabu ya mwaka 42 KK ya Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar, yenye majambia mawili na kofia ya uhuru katikati, ya kujisifia mauaji hayo. Zinazojulikana ni chache mno. Moja ina tundu juu, maana kuna mtu aliwahi kuining'iniza shingoni. Nyingine ni nzima, haina hata mkwaruzo wa sonara, ikauzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Baadaye ikabainika karatasi za asili yake ni za kughushi, na Machi 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sasa niambieni, ipi kati ya hizo mbili imeharibiwa? Kwangu mimi ni ile nzima, kwa sababu hatutajua kamwe ilifukiwa na nani, wala pamoja na nini.

Linganisheni na hazina ya Kirumi iliyopatikana Hoxne, Suffolk, Uingereza, Novemba 1992. Mzee mmoja alikuwa na kifaa cha kutambua madini, anamtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani. Alipoona dhahabu aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Wanaakiolojia wakafukua taratibu, wakakuta mabaki ya sanduku la mbao, vikufuli vidogo vya fedha, sarafu zaidi ya 14,000, na mkufu wa mwilini, ule unaopita mabegani na chini ya kwapa mikanda ikikutana kifuani na mgongoni. Kwenye maungio ya mgongoni kumefungwa sarafu ya Kaisari Gratian. Kwa hiyo tunajua pambo lile lilihifadhiwa na nini na katika chombo gani. Mzee alilipwa, fungu likafika pauni milioni 1.75, akagawana na mwenye nyundo. Nyundo yenyewe nayo iko makumbusho!

Hoja yangu ni hii: anayeuza pambo la sarafu ya kale alazimishwe kueleza imetoka wapi na iliondoka lini. Na sonara aishike kwa vimeno vya fremu tu, asiilehemu wala kuisugua kutu yake.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unadai karatasi za kitu ambacho hakijawahi kuwa nazo. Sarafu ya shaba ya Konstantino unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Mtu karithi kopo zima kwa babu yake, risiti ataitoa wapi? Ukilazimisha karatasi utaongeza waghushi, na mfano wako wa Brutus ndio ushahidi.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni wa Unguja. Bibi aliniachia mkufu wa pauni za dhahabu, zile za Kiingereza, na naweza kukutajia nani alimpa nani, harusi ya nani. Hakuna kaburi lililofukuliwa. Sarafu kuivaa si kosa hata kidogo. Kinachoniuma ni kuvaa mali ya mtu aliyeificha ardhini akitumaini kurudi.

Mleta mada:
Dada, umenigusa. Mkufu wako una kila ninachokidai, tena bila karatasi hata moja.

Mkuu wa kwanza, kuhusu kughushi nakubali, hilo sina dawa yake. Lakini bei ndogo hainipozi. Mchimbaji wa usiku akifuata sarafu, vigae na mifupa anavitupa pembeni, na hapo shimo halisomeki tena. Ndiyo maana Italia tangu sheria ya mwaka 1909 inahesabu vinavyofukuliwa kuwa mali ya taifa, na mwaka 2011 Marekani ikaanza kuzuia aina kadhaa za sarafu za kale za Italia zisizo na vibali. Basi tupunguze: asiyejua asili aandike kwenye lebo, "asili haijulikani". Mnunuzi aamue mwenyewe akiwa anaona.

Ila nijibu hili. Kopo la babu likiuzwa kimya kimya, mimi niliyesimama dukani nitalitofautishaje na lililochimbwa wiki iliyopita?