Kiwango cha kuhitimu na cha kubaki shuleni: hesabu zinaharibikia wapi?

Muulizaji
Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba ufafanuzi kuhusu takwimu za shule za sekondari na vyuo vya Marekani. Tuseme shule ina wanafunzi 400 walioanza darasa la 9, na miaka minne baadaye diploma zimetolewa 302. Mmoja anapata 75.5%, mwingine karibu 80%. Yupi yuko sahihi? Kwa upande wa chuo, kiwango cha kubaki kinapimwa lini hasa? Na dalili zipi zinaonyesha mapema kwamba mwanafunzi ataishia njiani?

Jibu la 1
Karibu, ndugu. Usigawanye kwa 400 ukaishia hapo. Anza na walioingia darasa la 9 kwa mara ya kwanza, ongeza waliohamia kundi hilo baadaye, kisha toa waliohamia shule nyingine, waliohama nchi na waliofariki. Kwa mfano wako, tuseme waliohamia ni 28, waliohamia kwingine ni 48, waliofariki ni 2. Namba ya chini inakuwa 400 + 28 − 48 − 2 = 378. Ukigawa 302 kwa 378 unapata 79.9%.

Tatizo kubwa liko kwa hao 48. Huruhusiwi kumtoa mtu kwa sababu jirani kasema familia imehama. Lazima uwe na uthibitisho wa maandishi, kwa mfano barua ya shule mpya ikiomba kumbukumbu zake. Ikiwa 20 kati yao hawana karatasi, wanabaki kwenye hesabu kama watu wasiohitimu: 302 kwa 398, yaani 75.9%. Pointi nne zimepotea kwenye kabati la mafaili, na hakuna mwalimu aliyefundisha vibaya. Karani afuatilie barua hizo mwezi uleule mtoto anapoondoka. Baada ya miaka mitatu namba za simu za wazazi hazipatikani tena.

Aliyeacha shule akafanya mtihani wa GED, yaani ule wa cheti mbadala wa diploma ya sekondari, hahesabiwi kuwa amehitimu, na hatolewi kwenye kundi.

Muulizaji
Asante sana. Na anayerudia darasa la 9?

Jibu la 1
Anabaki kwenye kundi lake la awali. Ukimsukuma kwenye kundi la mwaka unaofuata umeipamba namba, na huo si uungwana kwa mtoto mwenyewe. Akimaliza kwa miaka mitano, ataonekana kwenye kiwango cha miaka mitano kwa majimbo yanayokitoa.

Jibu la 2
Nijibu la chuo. Kubaki hupimwa kutoka vuli hadi vuli, yaani muhula unaofungua mwaka wa masomo Marekani: walioanza chuo kwa mara ya kwanza, wakisoma muda wote, wangapi wamerudi chuo hichohicho vuli iliyofuata. Walioanza 1,000, wakarudi 780, ni 78%. Kuhitimu hupimwa ndani ya 150% ya muda wa kawaida, yaani miaka 6 kwa shahada ya miaka 4, na miaka 3 kwa ile ya miaka 2. Kwa hiyo aliyerudi mwaka wa pili akaondoka mwaka wa tatu anahesabiwa kwenye kubaki, lakini kwenye kuhitimu hayumo.

Angalizo: anayehamia chuo kingine akamaliza huko, chuo cha kwanza hakimhesabu kuwa mhitimu wake. Na waliohamia kwako, au wanaoanza kwa kusoma nusu muda, hawamo kabisa kwenye kundi hili. Chuo cha jamii (community college, chuo cha shahada za miaka 2) chenye wengi wa aina hiyo kisipimwe kwa namba hii peke yake.

Jibu la 3
Mimi naona swali la dalili ndilo lenye uzito, maana kiwango cha kuhitimu kinapotoka, mtoto ameshaondoka. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2005 kwamba mwanafunzi anayemaliza darasa la 9 akiwa na krediti (alama za masomo aliyofaulu) za kutosha kupanda darasa, na asiyepata zaidi ya F moja ya muhula katika masomo ya msingi, ana nafasi mara 3.5 ya kuhitimu kwa wakati kuliko asiyefikia hapo.

Kwa vitendo: kila Ijumaa chapisha orodha ya waliokosa 10% ya siku zilizokwisha kupita. Katika mwaka wa siku 180 hiyo ni siku 18, lakini usisubiri zifike 18. Kufikia siku ya 20 ya masomo, aliyekosa 2 tayari yumo. Kila jina lipewe mtu mzima mmoja wa kupiga simu nyumbani. Orodha isiyo na mwenyewe haiokoi mtoto.

Chuoni, tazama waliofungiwa usajili kwa deni dogo. Chuo kikuu cha Georgia State kilianza mwaka 2011 kuwalipia salio wanafunzi wa aina hiyo ili wasiondolewe darasani. Nayo programu ya ASAP ya CUNY (chuo kikuu cha jiji la New York) kwa wanafunzi wa shahada ya miaka 2, iliyoanza 2007, iliunganisha mshauri mwenye wanafunzi wachache, nauli, vitabu na kuziba pengo la ada. Ilipopimwa kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine wakiipata na wengine wasiipate, 40% walihitimu ndani ya miaka 3 dhidi ya 22% ya wasiopata. Ukikata mshauri ukabakiza nauli tu, usitarajie matokeo hayo.